Seva ya kidakani: kutoka Debian 10 hadi 13

Seva yangu ni kompyuta ya ofisini ya mtumba, Intel Core i5 ya kizazi cha 4 yenye RAM ya gigabaiti 8. Imekaa kwenye kidaka cha ukumbini, hapa Mkomani, Lamu. Kuta za nyumba ni za mawe ya matumbawe, nene hata Wi-Fi haifiki chumba cha pili, kwa hiyo zamani nilishavuta waya. Inatunza picha za ukoo, inawapa watoto Wikipedia kwa Kiwix, programu ya kuisoma bila intaneti, bando likiisha, na kazi yake kubwa ni kuhifadhi kaseti za ami ninazozigeuza kuwa faili: maulidi, kasida, vugo za harusi za watu ambao sasa ni mababu.

Mfumo wake wa uendeshaji ulikuwa Debian 10, aina ya Linux, toleo liitwalo Buster, la mwaka 2019. Hata ule msaada wa muda mrefu wa usalama ulikoma tarehe 30 Juni 2024. Unaweza kusema nani ataidukua seva ya kidakani, lakini kila mgeni anayekuja kunywa kahawa simu yake inaingia mtandao huohuo.

Ami alinitazama nikiishusha. "Mwanangu, si ununue mpya tu?" Nikamwambia, ami, hii ingali na nguvu. Kichakataji ni cha biti 64, na hilo ndilo la kuangalia kwanza, kwa sababu Debian 13 haitoi tena keneli (kiini cha mfumo) wala kisakinishi cha mashine za biti 32.

Kabla ya kugusa programu

Kwetu adui wa kompyuta ni chumvi kuliko umri. Niliifungua, feni imeshika vumbi lenye unyevu na miguu ya RAM imeanza ukijani. Nikasafisha kwa spiriti na brashi laini, nikabadilisha betri ndogo ya saa, CR2032. Msiidharau betri hiyo. Ikifa, stima ikikatika saa inarudi nyuma miaka, na apt, chombo cha Debian cha kusakinisha na kusasisha programu, inakataa orodha za vifurushi vya programu ikidhani zimetoka siku ambayo haijafika.

Nakala ya kila kitu nikaipeleka kwa rsync, programu ya kunakili faili, kwenye diski ya nje, pamoja na folda ya mipangilio, /etc. Kisha nikafungua kaseti mbili tatu kutoka kwenye nakala na kuzisikiliza. Nakala ambayo hujaifungua siihesabu kuwa nakala.

10 kwenda 11

Debian hairuhusu kuruka darasa: 10, 11, 12, 13, kwa mpangilio. Vifurushi vya Buster vimeshahamishiwa archive.debian.org, hifadhi ya matoleo ya zamani, kwa hiyo niliielekeza huko orodha ya hifadhi ambazo apt inapakua kwanza, nikaikamilisha Buster yenyewe, ndipo nikapanda. Angalieni mstari wa masasisho ya usalama kwenye orodha hiyo: zamani uliandikwa buster/updates, kuanzia 11, Bullseye, ni bullseye-security. Ukibadilisha jina la toleo peke yake, mstari huo haufanyi kazi.

Hifadhi za watu wa nje ya Debian, kwangu ile ya Jellyfin, programu ya kuchezea muziki na video, nilizizima zote mpaka mwisho wa safari.

Kwa mji wenye stima ya kubahatisha, utaratibu wangu ni kutenganisha kupakua na kusakinisha. Usiku, mtandao ukiwa mwepesi, naendesha `apt full-upgrade --download-only`. Mtandao ukikatika katikati hakuna kinachoharibika. Asubuhi nasakinisha kutoka diskini, seva ikiwa kwenye UPS (betri ya akiba), skrini na kibodi zimechomekwa palepale. Na bahati mbaya ikitokea, `dpkg --configure -a` huendelea pale usakinishaji ulipoishia.

11 kwenda 12

Bookworm, yaani 12, ilitenga programu za kuendeshea vifaa kwenye fungu jipya, non-free-firmware, lazima uliongeze kwenye orodha ya hifadhi. Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, imeondolewa kabisa. Hati yangu (programu fupi) ya kupanga picha kwa tarehe ilikuwa ya Python 2, nikaiandika upya, na kusema kweli ilistahili.

12 kwenda 13

Hapa ndipo penye la kusimulia. Trixie, iliyotoka Agosti 2025, inaiweka /tmp, folda ya faili za muda, ndani ya RAM, na kikomo chake ni nusu ya RAM yote. Kwangu ni gigabaiti 4. Hati yangu ya kaseti huandika faili ghafi za sauti, WAV, humo kabla ya kuzibana, na kaseti ya dakika 90 hukaribia gigabaiti moja. Kaseti chache kwa pamoja zinajaza nafasi yote, na kila kitu kingine kinabanwa.

Unaweza kurudisha mtindo wa zamani kwa `systemctl mask tmp.mount`. Sikufanya hivyo. Wazo lenyewe ni zuri kwa programu nyingine, na diski yangu haihitaji kuandikwaandikwa bure. Nimeelekeza hati hiyo pekee kwenye /var/tmp, folda ya muda iliyo diskini, kwa kuweka kigezo cha TMPDIR, kazi ya mstari mmoja.

Kilichobaki

Jellyfin imerudi, sasa kutoka hifadhi yake ya Trixie. Samba, ya kugawana faili mtandaoni, haikuuliza swali. Debian 13 ina msaada hadi 2030, kwa hiyo suala la mfumo nimelifunga. Diski sivyo: smartctl, programu ya kupima afya ya diski, inaonyesha sekta mbovu zilizohamishwa na idadi inapanda taratibu. Diski mpya ya SSD nimeshaagiza Mombasa, na mpaka ifike, kaseti mpya zinaingia kwenye diski ya nje kwanza.