Nyuki wa Breznica

Dereva wa teksi alinitoza euro 25 kutoka stesheni ya Lesce hadi Breznica, mwendo wa dakika kumi hivi. Nilishuka treni kituo kimoja kabla ya Žirovnica, stesheni iliyo karibu na kijiji hicho, na kosa hilo lilikuwa langu, lakini bei ile ni dhuluma. Kwa fedha hiyo Tabora ningezunguka na bodaboda kutwa nzima.

Breznica ni kijiji kidogo chini ya milima ya Karavanke, kaskazini-magharibi mwa Slovenia. Nilikifuata kwa ajili ya Anton Janša, aliyezaliwa hapa mwaka 1734. Alikwenda Vienna kusomea uchoraji, akaishia kuwa mwalimu wa ufugaji nyuki chini ya Maria Theresa, hadi alipofariki 1773. Siku ya Nyuki Duniani, Mei 20, imewekwa kwa heshima yake. Waslovenia ndio walioipigania Umoja wa Mataifa hadi ikapitishwa 2017. Kwetu tunaiadhimisha, na jina la Janša sikuwahi kulisikia likitajwa.

Banda la kumbukumbu yake nililitazama upesi maana mvua ilikuwa inaanza. Nikakimbilia kibarazani kwa mzee mmoja, na hapo ndipo safari yangu ilipokuwa.

Alikuwa na banda la nyuki la mbao. Mizinga imepangwa ukutani kama makabati, safu juu ya safu, milango ya nyuki nje, mfugaji ndani, mkavu kabisa. Mbele ya kila mzinga pana ubao uliochorwa. Mmoja ulionyesha wanyama wa porini wamebeba jeneza la mwindaji, wanakwenda kumzika. Mjukuu wake, binti aliyetutafsiria kwa Kiingereza, alisema desturi hiyo ilianza karne ya 18: mfugaji aitambue mizinga yake, na nyuki asipotee njia ya kwao.

Mzee akafungua mzinga kwa nyuma, bila glavu. Akapuliza moshi kidogo, akavuta sega moja limejaa nyuki wa kijivu, akanisogezea usoni. Nilirudi nyuma hatua mbili. Nyuki wa kwetu wangekuwa wameshatufukuza hadi barabarani! Hawa walitembea kwenye vidole vyake kama hawana habari naye.

Kisha akaona nyuki mmoja amelala chali kizingitini. Akamwokota, akamweka kiganjani, akasema neno. Binti akanieleza kwamba ng'ombe au mbwa akifa, Kislovenia kina kitenzi chake. Nyuki hutumiwa kile cha binadamu. Yaani mzee yule alikuwa amesema nyuki amefariki.

Nikamkumbuka babu. Yeye alitundika mizinga ya magome ya miyombo, mwendo wa siku mbili ndani ya pori la Sikonge. Alipanda usiku na kienge cha moto, na nyuki wengi waliungua. Mti uliochunwa gome zima haukupona. Hata hivyo hakukata sega lolote bila kuwaomba radhi nyuki, kwa sauti, akiwa juu ya tawi. Sisi watoto tulikuwa tunangoja chini gizani na ndoo, tunamsikia.

Nilimsimulia mzee hayo yote. Aliuliza jambo moja tu: babu aliitambuaje mizinga yake, pori lote hilo? Nikamwambia alichonga alama kwa kisu. Akataka niichore kwenye kipande cha ubao. Nilishika penseli, nikashindwa. Nilikuwa nimeisahau.

Aliniuzia chupa ndogo ya asali kwa euro 9, bei ya kuumiza kweli, lakini nililipa. Usiku ule nilimpigia mama. Akacheka, akasema ni mistari miwili na duara, duara liko chini. Kisu chenyewe bado anacho, kimechomekwa darini.