Likizo niliyoomba udaktari

Nilikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nasoma shahada ya sayansi, baiolojia. Likizo ndefu nikarudi Mwanza, nikapata kibarua kwa watafiti wa kichocho waliokuwa wakizunguka shule za msingi upande wa Igombe. Kazi yangu ilikuwa hadubini, kuhesabu mayai kwenye choo cha watoto. Yai la kichocho cha tumbo ukishaliona hulisahau: lina mwiba mmoja uliochomoza ubavuni. Vioo vingine vilijaa mayai tele. Baadaye watoto walisimama mmoja mmoja kwenye fimbo ya kupimia urefu, maana vidonge vya prazikwanteli shuleni hutolewa kwa kimo. Walipewa uji kwanza. Dawa ile ni chungu na haifai tumbo tupu.

Siku moja mama wa mwanafunzi alitufuata na kijana wake mkubwa, mvuvi. Tumbo lilikuwa limefura, mikono imekonda.

"Usiku katapika damu," akasema. Aliniambia mimi kwa sababu nilikuwa mlangoni na koti jeupe. "Daktari, hebu mshike uone."

Nilijua kilichokuwa kikiendelea ndani ya yule kijana. Mayai hunasa kwenye ini miaka na miaka, ini linakuwa gumu, damu inakosa njia, inarudi nyuma na kuvimbisha mishipa ya koo la chakula mpaka inapasuka. Mzunguko wote niliujua, tangu konokono majini. Ila kumshika tumbo mgonjwa nikaelewa nimeshika nini, hicho sikuwa nimefundishwa, na kozi yangu isingenifundisha hata ningeimaliza kwa alama za juu. Gari letu lilimkimbiza hospitali ya Bugando. Alilazwa, akapona ile hatari.

Mimi sikutulia tena. Matokeo yangu ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, ya kidato cha sita yalitosha kuomba Udaktari wa Tiba, na chuo chenyewe kiko palepale kilimani Bugando. Marafiki walinishauri nimalize kwanza shahada niliyoianza. Si ushauri mbaya, na wapo uliowafaa. Lakini udaktari ni miaka mitano, halafu mwaka mzima wa kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi, na nyumbani kulikuwa na wadogo zangu wanaosubiri zamu ya ada.

Basi nikaenda kwa shangazi, Mwaloni Kirumba. Nilimkuta anafunga magunia ya dagaa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mbona uso huo?"

Nikamweleza yote, na yule kijana wa Igombe. Akaacha kamba.

"Na hicho chuo cha Dar?"

"Nitaandika barua ya kujitoa. Huwezi kuandikishwa vyuo viwili kwa mpigo."

"Marehemu babu yako alikufa na tumbo kama hilo," akasema. "Tukasema karogwa." Sikuwahi kusikia habari hiyo nyumbani. Akatoa noti kwenye kibindo, za kulipia fomu, akazihesabu mara mbili.

Fomu niliijazia steshenari moja ya Makoroboi. Niliingiza namba zangu za mtihani za kidato cha nne na cha sita, tarakimu moja moja, huku yule dada wa steshenari akinisomea kwa sauti kutoka kwenye vyeti. Nililipia, nikabonyeza kutuma, mikono inatoka jasho.

Majina yalipotoka, langu lilikuwemo. Nilimpigia shangazi nikiwa bado barabarani. Alipiga vigelegele mpaka wenzake wa Mwaloni wakaitikia, kisha akauliza ada inatakiwa lini. Nikamtajia tarehe.

"Hapo ni mbalamwezi, taa haziiti dagaa," akasema. "Waambie nusu utalipa sasa, na nusu giza likirudi."

Na ndivyo tulivyolipa.