Borrow na lend: "niazime kalamu" inavyotupoteza

Anayesema "Borrow me your pen" hajakosea ovyo. Kiswahili kinaruhusu "nimeazima kitabu maktaba" na pia "niazime kitabu chako", kitenzi kilekile kwa mwenye kitu na kwa anayekihitaji. Kiingereza hakina uhuru huo: "borrow" ni ya anayepokea, "lend" ni ya anayetoa.

Ukitatizika, jaribu kukopa na kukopesha, hata kama kinachoazimwa si fedha. Pakikaa kukopa, andika "borrow". Pakikaa kukopesha, andika "lend". Kipimo hiki kinanasa pia kosa la upande wa pili, "I lent money from the bank". Benki ndiyo inayokopesha, kwa hiyo ni "The bank lent me money" au "I borrowed money from the bank".

Maana peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi huanguka hata baada ya kuikariri. "Lend" hubeba yambwa mbili, mtu na kitu: "Lend me your pen". Ukitanguliza kitu, mtu hufuata na "to": "Lend your pen to Asha". "Borrow" hubeba kitu tu, na mwenye kitu huletwa na "from": "I borrowed a pen from Asha". Katika "borrow me" neno "me" halina pa kukaa. Kwa hiyo unapobadili kitenzi, badili na kiima: "Can I borrow your pen?" lakini "Can you lend me your pen?"

Wakati uliopita ni "borrowed" na "lent", "lended" haipo. "I was lent a bicycle" ni sahihi, hata kama inasikika vibaya masikioni.

Wamarekani hutumia pia "loan" kama kitenzi. Uingereza wengi huiacha iwe nomino. Kokote uliko, msaada hubaki "lend a hand", kamwe si "loan a hand".

Sukari ya jirani ni "borrow", ingawa italiwa na itakayorudi si ileile. Lakini kwa kitu kinachotumiwa palepale kilipo, sema "use". Ukiuliza "Can I borrow your toilet?" wenyeji watakuelewa, ila watajiuliza utakibebaje.