Jinsi nilivyotuliza maumivu ya siatika

Mimi ni fundi cherehani, nakaa kutwa. Maumivu yalianzia kiunoni, yakapita takoni na nyuma ya paja hadi unyayoni, kama shoti ya umeme. Mtaalamu wa fiziotherapia alinieleza kuwa mguu ni mzima: diski ya chini mgongoni, ule mto laini ulio kati ya pingili za uti wa mgongo, ilibana mzizi wa neva (mshipa wa fahamu) ya siatika, neva nene kuliko zote mwilini. Akanifundisha kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono, nyonga zikibaki chini. Maumivu yakihama kutoka mguuni kurudi kiunoni, hiyo ni dalili njema. Yakizidi kushuka, acha. Nikaongeza kutembea, na kunyanyuka kila nimalizapo mshono. Polepole mguu ukaachia. Ila ukishindwa kuzuia mkojo, au ukipata ganzi sehemu za siri, wahi hospitali siku hiyohiyo.