Kidonge Kimoja, Dawa Mbili

Mama alipotoka hospitali baada ya kubadilishiwa goti, dawa nilikabidhiwa mimi. Vidonge vyeupe virefu, viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Hilo nililishika barabara. Niliweka kengele kwenye simu, na hata saa nane za usiku niliamka kumpa.

Nilichokuwa sijakitazama ni mgongo wa pakiti. Mbele palikuwa na jina la biashara kwa herufi kubwa. Nyuma, kwa maandishi madogo kama sisimizi: kodeini miligramu 30, parasetamoli miligramu 500. Kila kidonge kilibeba dawa mbili, na mojawapo, kodeini, ni ya ukoo wa afyuni. Ikishanywewa, ini hugeuza sehemu yake kuwa mofini.

Siku ya tatu mama alishikwa na mafua. Nikamtafutia vidonge vya mafua, viwili mara tatu kwa siku. Usiku wa siku ya tano goti lilimnyima usingizi, akaniomba kidonge chake cha zamani cha usingizi kilichobaki kwenye droo. Nikampa kwa mkono wangu. Sikuona kosa lolote, maana kila dawa niliitoa kwa kipimo chake.

Kengele ilipolia nikaingia na glasi ya maji. Alikuwa anakoroma, mkoromo mzito wa kukatikakatika ambao sikuwahi kuusikia kwake. Nikamwita. Nikamtikisa bega. Akafumbua macho nusu, akayafumba tena. Nilipomulika kwa simu, mboni zake zilikuwa kama ncha ya sindano. Nikaweka kiganja kifuani pake, nikahesabu: pumzi saba kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huvuta kati ya 12 na 20. Kila pumzi ilipochelewa, na yangu ilisimama.

Waliokuja na gari la wagonjwa walimchoma naloksoni, dawa ya kuzima nguvu za dawa za ukoo wa afyuni. Dakika chache tu akashtuka, akaanza kulia kwa maumivu ya goti, nami nikadhani yamekwisha. Kumbe naloksoni huishiwa nguvu mapema kuliko dawa inayopambana nayo, mgonjwa akaweza kuzama tena. Ilibidi alazwe, aangaliwe.

"Amekunywa nini na nini?" daktari aliniuliza. Nikamwaga pakiti zote mezani. Akazigeuza mojamoja, akashika kalamu. Vidonge vinane vya maumivu: gramu 4 za parasetamoli, ambazo ndizo ukomo wa mtu mzima kwa siku. Vidonge sita vya mafua, navyo kila kimoja kina miligramu 500: gramu 3 zaidi. Saba. Akaipigia mstari ile saba. Kuhusu pumzi, alisema kidonge cha usingizi na kodeini vilikuwa vimeshikana mikono kuizima. Ini nalo laweza kuharibika kimyakimya, siku ya kwanza mtu asione dalili yoyote, kwa hiyo walimtundikia dripu ya asetilisisteini, dawa ya kulikinga ini na sumu ya parasetamoli, bila kusubiri majibu ya damu.

Ini lilinusurika. Ila mama aliporudi nyumbani alikataa dawa zote za maumivu. Goti likaanza kukakamaa, mazoezi hayafanyiki, kwenda chooni ni machozi. Nami, nakiri, sikumsihi. Niliviogopa vile vidonge kuliko maumivu yake. Mfamasia ndiye aliyeketi nasi akatutenganishia: parasetamoli peke yake, kwa saa zake, kodeini peke yake, kipimo kidogo, maumivu yakizidi tu na kwa siku chache, na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu kodeini hukifunga. Vidonge vya mafua na vya usingizi akaondoka navyo.

Jioni ile nilimpa mama kidonge. Akakigeuza kiganjani.

"Humu mna nini, mwanangu?"

Nikamsomea mgongo wa pakiti: kodeini, miligramu 15, basi. Akanyoosha mkono kupokea maji.