Ile 29 Niliyomficha Mama

Karatasi ilitoka kwenye printa ikiwa bado ya moto. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akisimamia chumba cha mtihani, alinikabidhi na kumwita mwingine. Nilisimama kwenye korido ya kituo cha MEPS cha Houston, wanakopimwa wanaotaka kujiunga na jeshi la Marekani, nikitafuta namba moja tu, ile ya AFQT, alama ya kuingilia jeshini, kwa sababu ndiyo niliyoambiwa niitazame. Ilikuwa 29.

Mwezi ulikuwa Februari, mwaka 2019. Nilikuwa na miaka 24, nimeingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, naishi kwa Mama Mdogo na kufanya kazi ya kuhudumia wazee usiku. Nilikuwa nimesoma Muheza na baadaye Tanga mjini. Kidato cha nne nilipata divisheni ya pili, na kijijini kwetu hilo lilitosha mama kuchinja kuku. Sasa nashika karatasi inayosema 29. Kwa hesabu niliyoijua tangu darasa la kwanza, hiyo ilikuwa na maana moja: katika maswali mia nimekosa sabini na moja. Nilihisi masikio yanapata moto.

Sajini aliyekuwa akiniandikisha alinirudisha kwa gari lake. Hakuwa mkali. Aliniambia Army, yaani jeshi la nchi kavu, wanataka 31, nimepungukiwa pointi mbili, nirudi baada ya mwezi mmoja, na mtu yeyote anaweza kupandisha pointi mbili. Kisha akaongeza sauti ya redio. Hakunieleza namba nyingine zote zilizojaa kwenye ile karatasi, na mimi sikujua kama nina haki ya kuuliza. Niliikunja mara nne nikaitia kwenye mfuko wa koti.

Usiku ule mama alipiga simu kutoka Muheza. Kwao kulikuwa kunakaribia kupambazuka. "Vipi mtihani, mwanangu?" Nikamjibu kuwa matokeo bado hayajatoka. Sababu iliyonipeleka jeshini ilikuwa yeye. Mwenye kadi ya ukaazi hawezi kumwombea mzazi wake aje kuishi Marekani. Raia ndiye anayeweza, na kupitia jeshi njia ya kufikia uraia huwa fupi. Nilitaka pia kusomea uuguzi bila kubeba mkopo. Yote hayo nilikuwa nimeshamweleza mama kwa furaha. Sasa nikamdanganya.

Wiki moja baadaye Mama Mdogo aliikuta karatasi alipotaka kufua lile koti. Hakuniuliza chochote. Jumapili iliyofuata alimwalika chakula cha mchana mzee mmoja wa Tanga aliyetumikia Army miaka ishirini, ambaye Watanzania wa mtaa wetu walimwita Afande tu. Alipomaliza kula wali na samaki wa nazi, Mama Mdogo akaiweka karatasi mbele yake, imenyooshwa kwa pasi.

"Shikamoo Afande," nilisema nikiwa nimesimama mlangoni, maana sikutaka kukaa.

"Marahaba, binti. Njoo ukae. Nani kakwambia hii 29 ni maksi?"

Nikakaa.

Akaomba kalamu. Nyuma ya bahasha ya bili ya umeme akachora vistari vingi kama watu waliopanga foleni. "Hawa ni vijana mia wa Kimarekani, umri wao miaka 18 hadi 23. Wamechukuliwa kutoka kundi kubwa lililopimwa mwaka 1997, likafanywa kipimo cha wote wanaokuja baadaye. Wapange kuanzia wa chini kabisa. Wewe umefika hapa, umewafikia au kuwapita ishirini na tisa. Namba haisemi umepata maswali mangapi. Inasema umesimama wapi kwenye foleni." Ndiyo maana, akaniambia, hakuna anayepata 100; mwisho ni 99.

Nataka kusema wazi jinsi maelezo yale yalivyonipata, kwa sababu nimewaona vijana wetu wengi, wa Kigoma, wa Eldoret, wa Uvira, wakivunjika moyo kwa namba hii hii bila mtu wa kuwachorea foleni. Nililia mezani. Hali yangu haikuwa imebadilika hata chembe, bado nilikuwa nimefeli, lakini nilifeli kitu kinachoeleweka. Kwa mwanafunzi wa kwetu, 29 kwa mia ni mjinga. Kwenye foleni ile, 50 ndiyo katikati kabisa, na mtu wa 65 anahesabiwa kundi la pili kutoka juu.

Afande aliningoja nimalize, kisha akaniuliza nilisoma nini kabla ya mtihani. Nikamwambia kwa fahari kidogo: wiki tatu nzima nilikariri umeme na magari. Mtihani wenyewe, ASVAB, ulikuwa na sayansi, hesabu, maneno, ufahamu, umeme, magari, vifaa vya karakana, mekanika, na kuunganisha maumbo. Umeme na magari ndivyo vilivyonitisha, kwa hiyo ndivyo nilivyovisoma. Hata spana nilikuwa nimejifunza kuiita kwa jina la Kimarekani, na boneti vilevile, maana Kiingereza chetu cha shule ni cha Waingereza.

Akatikisa kichwa taratibu. AFQT hutengenezwa na sehemu nne tu: maana ya maneno, ufahamu wa aya, mafumbo ya hesabu na hisabati yenyewe. Magari hayamo. Umeme haumo. Tena zile sehemu mbili za Kiingereza huunganishwa zikawa alama moja iitwayo VE, na hiyo huhesabiwa mara mbili. Akanionyesha kwa kidole: hisabati yangu 52, mafumbo 49, VE 41. Katika alama hizi ndogo 50 ni ya kawaida. Hisabati ilikuwa imevuka. Kiingereza ndicho kilichonizamisha, na kilinizamisha mara mbili.

"Sasa tazama huku," akasema, akashuka kwenye safu ya herufi ambazo sikuwa nimezisoma hata mara moja: GT, CL, CO, EL, ST na nyingine. "AFQT ni mlango tu. Hizi ndizo zinazosema utafanya kazi gani ukiwa ndani. Unataka kazi gani?"

Nikasema nataka tiba. Tabibu wa kikosi, wanayemwita 68W, yule anayefunga majeraha na kuhudumia wenzake.

"Basi unahitaji GT 107 na ST 101. GT ni VE na mafumbo ya hesabu, basi. ST inachanganya sayansi, Kiingereza, hisabati na mekanika. Huyo sajini wako anataka urudi na 31. Ukirudi na 31 utaingia jeshini, ni kweli. Lakini utakuta kazi unayoitaka imefungwa, na ukishapita, Army hawakuruhusu urudie mtihani kwa sababu tu unataka alama nzuri zaidi. Ukitaka kupandisha GT baada ya hapo itakubidi uwe ndani kwanza."

Alijua alichokisema. Yeye aliingia na GT 98, akawekwa dereva wa malori, akaendesha misafara Iraki. Hakuidharau kazi ile, wala mimi siidharau; askari hali chakula wala hapati risasi bila lori. Ila moyo wake ulikuwa kwingine, na ilimchukua miaka kadhaa kupata nafasi ya kukaa darasani kwenye BSEP, masomo ya jeshi ya kupandisha alama, akafanya mtihani upya, akavuka 110. "Miaka ile," akasema, "ningeweza kuinunua kwa miezi sita ya kusoma kabla sijasaini."

Nilimpigia sajini kesho yake nikamwambia sitarudi Machi. Hakufurahi. Alinipigia mara tatu wiki ile, na kila mara alirudia neno moja, thelathini na moja. Mara ya tatu mikono ilinitetemeka, maana kwetu mtu aliyevaa gwanda hajibiwi hapana. Nikamwambia nitampigia mwenyewe nikiwa tayari.

Miezi iliyofuata niliishi kwa ratiba moja. Natoka zamu saa moja asubuhi, nalala hadi saa saba mchana, nasoma hadi magharibi. Maneno kumi na tano kwa siku, nayaandika kwenye vikaratasi na kuvibandika jikoni kwa Mama Mdogo, juu ya kabati la unga na pembeni mwa jiko, hadi yeye mwenyewe akaanza kuyatumia akizungumza na majirani. Wazee wa kazini walinisaidia kuliko kitabu chochote. Bibi mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi alinitaka nimsomee gazeti kila alfajiri kisha nimwambie kwa sentensi mbili nilichosoma. Nikimwambia kwa tatu, alinyoosha vidole viwili.

Mafumbo ya hesabu ndiyo yaliyonishangaza. Hesabu nilizijua, nisichokijua ni vitu vinavyohesabiwa. Swali likizungumzia galoni na kwati, au futi na yadi, nilipoteza dakika nzima nikifikiria lita na mita. Na sarafu! Miaka yote Houston nilikuwa nalipa kwa kadi, sarafu nilizitupa kwenye kopo. Siku moja Afande alilimwaga kopo lile mezani na kuzipanga. Kubwa ya robo dola. Kisha nikeli, senti 5. Kisha daimu, ndogo kuliko zote, nyembamba, lakini senti 10. "Anayekutungia swali anadhani ulizaliwa unajua kuwa hii ndogo ina thamani mara mbili ya ile nikeli," alisema. Tulifanya mafumbo kwa sarafu zenyewe mpaka vidole vyangu vikazijua. Galoni moja kwati nne. Yadi moja futi tatu, lakini yadi ya mraba futi za mraba tisa. Nilikuwa nayataja haya nikiwapiga wazee brashi za nywele.

Jambo moja zaidi alinieleza mwishoni, na kama ningelijua Februari pengine nisingeshuka vile. Mtihani wa kompyuta pale MEPS hukufuata ulivyo. Ukipata swali, linalofuata huwa gumu zaidi. Ukikosa, huwa jepesi. Na ukishathibitisha jibu huwezi kurudi nyuma. Mara ya kwanza nilipoona maswali yanazidi ugumu nilidhani naanguka, nikaingiwa na hofu, nikaanza kubofya ovyo ili nimalize. Kumbe ugumu ule ulikuwa dalili kuwa nafanya vizuri, na kule kubofya ovyo ndiko kulikoniharibia.

Nimesikia baadaye kwamba Agosti 2022 Army walifungua kozi ya maandalizi Fort Jackson, kwa wenye AFQT kati ya 21 na 30, wasome kwanza kisha wapimwe tena. Ningekuwa wa mwaka ule, 29 yangu ingenipeleka huko. Mwaka 2019 haikuwepo. Nilikuwa na meza ya Mama Mdogo.

Nilirudi MEPS Septemba. Chumba kilekile, mama yuleyule. Sehemu ya maneno una kama nusu dakika kwa kila neno, na neno la pili kutokea lilikuwa limebandikwa juu ya kabati la unga miezi minne. Niliona kabisa karatasi yenyewe, mwandiko wangu na doa la mafuta. Kwenye mafumbo, maswali yalipoanza kuwa mazito nilivuta pumzi na kujiambia, vizuri, endelea. Nilisoma kila swali mara mbili. Sikubofya ovyo hata moja.

Printa ikalia. Safari hii sikuanza na AFQT. Macho yalikwenda chini kwenye herufi. GT 108. ST 102. Nikarudia kusoma nikiwa nimeweka kidole chini ya kila tarakimu, kama bibi yule alivyonifundisha kufuata mstari. Pointi moja juu ya kinachotakiwa hapa, pointi moja pale. Ndipo nikapanda juu: 57.

Afande hakusema mengi. Aliitazama karatasi muda mrefu, akaikunja vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili.

Nilimpigia mama saa tatu usiku ya Houston. Muheza ilikuwa saa kumi na moja alfajiri na nilijua ameshaamka kwa swala. Nikamweleza foleni ya watu mia, wangapi nimewapita, na kazi ya tiba niliyoruhusiwa kuiomba. Alisema alhamdulillahi mara nyingi. Kisha nikamwambia kuhusu ile ya kwanza. Nikamwambia kwamba matokeo ya Februari yalikuwa yametoka siku ileile, kwamba yalikuwa 29, na kwamba nilimdanganya.

Alinyamaza kidogo. Nilisikia jogoo upande wake wa simu.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Matokeo gani yanachelewa miezi saba?"