Ratiba ya giza na ratiba ya mbalamwezi

Faili la kwanza nililokabidhiwa nilipohamia shule hii kuwa mwalimu mkuu lilikuwa la barua za wito. Zote maneno ni yaleyale: mzazi wa fulani fika ofisini, mtoto wako ni mtoro. Shule yetu ya msingi ipo ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Ilemela, Mwanza, jirani kabisa na mwalo wa dagaa, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Fungua dirisha la ofisi, harufu yenyewe itakwambia watu wa hapa wanakula kwa kazi gani.

Nami nikaendelea na barua zilezile, nikaongeza mtendaji na vitisho. Darasa la 5 lina watoto 112 kwenye rejista. Kuna asubuhi nilihesabu 61. Bibi mmoja anayenunua dagaa wabichi kwa ndoo na kuanika aliitikia wito, akaketi, akanijibu taratibu: "Mwalimu, mjukuu wangu sijamkataza shule. Mtumbwi unafika alfajiri. Dagaa wakichelewa kuanikwa wakaharibika, daftari utanunua wewe?" Nikanyamaza. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, ni kweli, lakini daftari na sare bado vinatoka kwenye ndoo ya bibi huyu.

Jioni moja nilizifungua rejista za miezi mitatu nikaacha kuangalia majina, nikaangalia siku. Utoro ulikuwa unajaa na kupwa: wiki mbili na zaidi wino mwekundu mtupu, kisha siku kadhaa darasa limefurika. Nikamwita mwalimu wa taaluma. Yeye ni Mwislamu, na kalenda ya Kiislamu haikosi mezani pake. Akalinganisha, akaanza kucheka. "Mkuu, hapa walipojaa ni tarehe kumi na nne. Na hapa tena."

Mbalamwezi! Dagaa huvuliwa gizani, taa ndiyo inayowavuta juu. Mwezi ukipevuka taa haina kazi, wavuvi wanapumzika, na watoto wanarudi darasani. Hata muuza vitumbua wa getini alikuwa anajua; tulipomweleza ugunduzi wetu alitutazama kwa huruma.

Saa ya kufungua shule si yangu kuibadili, ila mpangilio wa vipindi ndani ya siku tunaupanga wenyewe. Tukatengeneza ratiba mbili. Siku za giza, asubuhi ni michezo, sanaa na marudio. Hisabati na Kiingereza vinakuja baada ya mapumziko. Siku za mbalamwezi, Hisabati inaanza kipindi cha kwanza, na mada mpya zote na majaribio tunayasukumia humo. Mwalimu wa Hisabati alikataa katakata. "Akili ya mtoto asubuhi ni mbichi, Mkuu." Nikamwambia ni mbichi kweli, ila iko mwaloni. Alininunia muhula mzima.

Kwenye kikao cha wazazi nikaomba jambo moja tu: dagaa wakishatandazwa, mtoto aachiwe, kugeuza wageuze wakubwa. Bibi yule ndiye aliyewabana wenzake kwa Kisukuma kuliko nilivyoweza mimi. Getini nikaondoa viboko vya wachelewaji, nikaweka ndoo ya maji na sabuni. Kuna binti wa darasa la 4 alikuwa anafika na magamba yanayong'aa mpaka kwenye viwiko, na wenzake wanaziba pua. Sasa ananawa, anaingia kimyakimya, hakuna anayegeuka.

Mwalimu mkuu mwenzangu aliniambia nimehalalisha ajira ya watoto. Iliniuma, maana si uongo mtupu. Kazi ya kuanika nimeivumilia. Wavulana wa darasa la 7 wanaoingia ziwani usiku siwavumilii, na hao ratiba haijawarudisha. Wawili nimewapoteza mwaka huu, na barua za wito bado naziandika kwa ajili yao.

Wengine wanakuja. Si wote, na si kila siku, lakini darasa la 5 halijashuka chini ya 90 tangu muhula uliopita. Kwenye taarifa ya mahudhurio kuna nafasi ya kueleza sababu za kushuka, nami huandika neno moja: giza. Mara ya kwanza afisa elimu kata alinipigia simu kuuliza umeme umekatika tangu lini.